Saa Zilizorushwa Ugenini

Ndege ndogo ikiondoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ikavuka bahari na kutua Unguja, kila aliyemo atakuambia amesafiri. Mwanafunzi wa urubani aliyeshika usukani ataandika kwenye logibuku yake kwamba amefanya safari ya masafa: amechora njia kwenye ramani, amekokotoa upepo na mafuta, amezungumza na minara miwili, ametua uwanja mwingine. Mwalimu wake wa Dar atatia saini bila kusita. Lakini mwanafunzi huyo akiichukua logibuku hiyohiyo hadi Florida ili amalizie leseni ya rubani binafsi, mwalimu wa Kimarekani atapima ramani na kuiondoa safari ile kwenye safu ya safari za masafa. Kwa leseni hiyo, sheria za Marekani zinataka rubani atue mahali palipo zaidi ya maili 50 za baharini, yaani kama kilomita 93, kwa mstari ulionyooka kutoka alikoanzia. Dar hadi Unguja ni maili 39 hivi. Wilson ya Nairobi hadi Naivasha ni karibu hivyohivyo.

Saa yenyewe haijafutika. Imebaki kwenye jumla yake, na hakuna wa kumnyang'anya. Kilichobadilika ni safu inamoingia, na safu ndizo zinazoamua kama mtu anapewa leseni au anaambiwa arudi hewani kwa fedha zake. Ndiyo maana natamani vijana wetu wanaokwenda kusomea urubani nje, pamoja na wazazi wanaowalipia, wajue tangu mwanzo kwamba saa ya kuruka ni mali, na kwamba thamani yake inategemea jinsi ilivyoandikwa siku iliporushwa. Kukodi Cessna 172 nchini Marekani mara nyingi huzidi dola 150 kwa saa, kabla mwalimu hajalipwa. Ziko familia zilizouza viwanja kununua saa hizo. Kuziona zikikataliwa kwa sababu ya safu iliyojazwa vibaya au saini iliyosahauliwa ni uchungu unaoweza kuepukwa kabisa.

Mfumo wote unasimama juu ya mkataba uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho chake cha kwanza kinahusu leseni za watu: marubani, mafundi, waongozaji ndege. Humo ndimo mlimo viwango vya chini ambavyo nchi wanachama zinapaswa kuvifikia. Leseni ya rubani binafsi inadai saa 40, au 35 kwa anayefuata kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, 10 mwanafunzi awe ameruka peke yake, na walau safari moja iwe ya kilomita 270 yenye kutua kikamilifu kwenye viwanja viwili tofauti. Leseni ya rubani wa biashara inadai saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Ya rubani wa mashirika makubwa ni 1,500.

Hivyo ni viwango vya chini tu, na nchi ina uhuru wa kupandisha. Uingereza, nchi za Ulaya na Afrika Kusini zinadai saa 45 kwa leseni ya rubani binafsi. Marekani inadai 40. Aliyemaliza kwa 41 Florida hana sababu ya kushangaa akiambiwa kwingine kwamba bado anadaiwa. Lakini kiambatisho hichohicho kinasema jambo la kutia moyo, nalo ni vizuri kila mwanafunzi alijue: mwanafunzi au mwenye leseni ana haki ya kuhesabiwa kikamilifu, katika jumla inayotakiwa, saa zote alizoruka peke yake, alizofundishwa na alizokuwa rubani kiongozi. Hakuna mahali panaposema ziwe za nchi moja. Saa ya Port Alfred kule Afrika Kusini, ya Soroti nchini Uganda, ya Texas na ya Wilson zote zinaingia kwenye jumla moja, mradi zithibitike.

Ugumu unaanza kwenye safu, na safu inayoleta mabishano kuliko zote ni ile ya rubani kiongozi.

Mwanafunzi asiye na leseni hana tatizo hapo. Akiwa peke yake ndani ya ndege, yeye ndiye kiongozi. Akiwa na mwalimu, anafundishwa. Marekani na Ulaya zinakubaliana. Njia zinaachana siku anapopata leseni ya rubani binafsi na kuendelea na masomo ya juu, mathalani ya kuruka kwa kutegemea vyombo mawinguni. Sheria ya Marekani inamruhusu rubani mwenye leseni ya aina ile ya ndege aandike uongozi kwa muda wote ambao mikono yake peke yake ndiyo iliyoshika usukani, hata kama mwalimu ameketi kando akimfundisha. Kwa hiyo saa moja ileile inaingia safu mbili: ya kufundishwa na ya uongozi. Mwalimu naye anaiandika kuwa ya uongozi upande wake. Yote ni halali kabisa huko.

Ulaya na Uingereza hazioni hivyo. Kwao, anayefundishwa anafundishwa, na kiongozi ni mwalimu. Sasa chukua rubani aliyerudi na saa 110 za uongozi, na 45 kati ya hizo alizirusha akiwa na mwalimu. Kiwango cha ICAO cha leseni ya biashara ni saa 100 za uongozi, au 70 kwa kozi iliyoidhinishwa. Kwenye meza ya Kimarekani amevuka. Kwenye meza inayofuata mtazamo wa Ulaya amebaki na 65, na hafiki hata kwenye 70.

Kuna jambo jingine linalopendwa sana na vijana wanaotafuta saa kwa haraka. Marubani wawili wenye leseni hukodi ndege moja. Mmoja huvaa kiziba macho kinachomzuia kuona nje ili ajizoeze kuruka kwa vyombo, na sheria inataka mwenzake aangalie nje kwa ajili ya usalama. Wakikubaliana kwamba mwangalizi ndiye mwenye dhamana ya ndege, sheria za Marekani zinawaruhusu wote wawili kuandika uongozi kwa muda ule. Ndege imekaa hewani saa moja, madaftari mawili yameandika mbili. Siwalaumu wanaofanya hivyo, maana sheria inawapa nafasi na gharama inagawanyika. Ninachosema ni kwamba rubani wa Afrika Mashariki anayejua atarudi nyumbani, au anayetazama kazi za Ghuba na Ulaya, aandike kwenye safu ya maelezo kwamba safari ile ilikuwa ya uangalizi wa usalama, na mwenzake alikuwa nani. Afisa akiikuta imeandikwa wazi, ataihesabu au ataiacha. Akiigundua mwenyewe kwa kulinganisha madaftari, atatilia shaka kurasa zote.

Na kabla ya kulipa ada, andika barua kwa idara ya leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi yako, Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda, uulize saa za aina hiyo zinahesabiwaje. Omba majibu kwa maandishi. Jibu la simu halina uzito miaka miwili baadaye, afisa akiwa amehamishwa.

Tumrudie yule asiye na leseni bado, maana hali yake ndiyo nyeti zaidi. Mwenye leseni akienda nchi nyingine, mamlaka ya kule inaweza kuiandikia mamlaka iliyoitoa na kuthibitisha. Marekani ikipokea ombi la mwenye leseni ya kigeni, ofisi yake ya Oklahoma City huwasiliana na nchi iliyotoa leseni kabla ya jambo jingine lolote. Mwanafunzi hana cha kuthibitishwa cha namna hiyo. Ana daftari, saini za walimu, na faili lililobaki kwenye kabati la shule.

Sheria za Marekani zinampokea vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mafunzo aliyopewa na mwalimu aliyeidhinishwa na nchi mwanachama wa ICAO, nje ya Marekani, yanahesabika kuelekea leseni ya Marekani. Kenya na Tanzania ni wanachama, kwa hiyo Mtanzania anayeishi Houston na kusoma urubani huko anaweza kuja likizo, akaruka Wilson na mwalimu wa Kenya, akarudi na saa hizo zikiwa halali. Mipaka yake ni miwili. Mwalimu wa Kenya anathibitisha tu kwamba mafunzo yametolewa. Hawezi kumwidhinisha mtu aruke peke yake Marekani wala afanye mtihani wa Marekani. Pia cheti cha mwanafunzi cha Marekani hakimruhusu kuruka peke yake kwenye ndege yenye herufi za 5Y, yaani iliyosajiliwa Kenya. Huku ataruka na mwalimu, au atafute kibali cha mwanafunzi cha huku.

Upande wa pili, anayetoka huku kwenda kusoma kule, unahitaji hesabu. Shule za Marekani ziko za namna mbili kisheria. Ziko zinazofundisha kwa kanuni za jumla, ambako saa zako za awali zinaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya leseni. Na ziko zenye mtaala ulioidhinishwa, ambazo ndizo wanafunzi wengi wa kigeni hupitia kwa sababu ya viza. Hizi zinampa anayehamia nafuu yenye kikomo, baada ya kumpima: hadi asilimia 50 ya mtaala kama alitoka shule nyingine iliyoidhinishwa chini ya sheria hizohizo za Marekani, na hadi asilimia 25 kama alisoma kwingineko. Mtaala wa leseni ya rubani binafsi una saa 35. Robo yake ni saa 8 na dakika 45. Kijana aliyeruka saa 30 Dar es Salaam, akakaribia mtihani, kisha akahamia kule, anaweza kukuta zaidi ya saa 20 hazimfupishii kozi hata kidogo, ingawa zitabaki kwenye jumla yake na zitamfaa baadaye kwenye leseni ya biashara. Ningekuwa mzazi wake, ningemwambia amalize leseni ya kwanza hapahapa, asafiri akiwa nayo mkononi.

Zaidi ya hayo kuna uandikaji wenyewe, mambo madogo ambayo hakuna anayeyafundisha darasani. Madaftari ya Marekani huandika saa kwa desimali. Ya Ulaya huandika saa na dakika. Saa 1.2 ni dakika 72, yaani saa moja na dakika 12. Anayehamisha namba kwenda daftari jipya na kuandika 1:20 amejiongezea dakika 8. Akifanya hivyo kwenye safari 100 amejipa zaidi ya saa 13 ambazo hakuziruka, na mbele ya mkaguzi kosa la hesabu na udanganyifu vinaonekana sawasawa.

Kisha mita. Ndege nyingi za mafunzo zina mita ya Hobbs, inayoanza kuhesabu injini ikishawaka, na takometa, inayokwenda kulingana na mizunguko ya injini na hivyo huonyesha muda mfupi zaidi. Shule hulipisha kwa mojawapo. Lakini muda wa kuruka, kwa tafsiri ya ICAO, huanza ndege inaposogea kwa nia ya kupaa na kuisha inaposimama mwisho wa safari. Dakika za kupasha injini moto umezilipia, ila si za kuandikwa.

Na tarehe. Madaftari mengi ya Ulaya hutumia saa ya dunia, UTC. Sisi tuko saa tatu mbele yake, kwa hiyo ndege iliyopaa Dar saa mbili asubuhi inaandikwa 05:00. Florida wakati wa kiangazi wako saa nne nyuma. Mwanafunzi aliyepaa kule saa mbili na nusu usiku tarehe 3 Julai amepaa, kwa UTC, tarehe 4. Kitabu cha ndege kimeandika tarehe 3, logibuku yake inasema tarehe 4, na miaka mitatu baadaye mtu aliye Nairobi anajaribu kuelewa kwa nini ndege ile haikuonekana kuruka siku hiyo. Ukurasa wa kwanza wa logibuku useme umetumia saa ipi. Mstari mmoja unatosha.

Beryl Markham, aliyejifunza kuruka Kenya na mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, anaanza kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night, kwa mstari kutoka logibuku: mwaka 1935, Avro Avian yenye alama VP-KAN, Nairobi hadi Nungwe, Tanganyika. Tarehe, ndege, alama, njia. Miaka 90 baadaye mtu yeyote anajua nini kilitokea siku ile, ingawa alama za VP-K zilikwisha na ukoloni na Kenya sasa ni 5Y. Ndivyo ninavyowashauri wanafunzi wote. Sheria za safu zinatofautiana na zitazidi kubadilika, lakini tukio halibadiliki. Andika alama za ndege, uwanja wa kuondokea na wa kutua, muda wa kusogea na wa kusimama, nani alikuwemo, nani aliyeshika usukani, mafunzo gani yalitolewa. Mwenye habari hizo anaweza kupangwa upya na mamlaka yoyote duniani. Mwenye jumla tu, "saa 60 za uongozi", hapangiki; ataaminiwa au hataaminiwa.

Ukali wa maafisa wetu una sababu, na mimi nauunga mkono. Marubani wanaozungumza Kiingereza wana jina la utani la saa zilizoandikwa bila kurushwa: wanazitaja kwa kalamu ya Parker, kana kwamba kalamu ni aina ya ndege. Mwaka 2011 India ilitikiswa na kashfa ya leseni zilizopatikana kwa hila, na saa za kughushi zilikuwa miongoni mwa yaliyoibuka. Mwaka 2020, baada ya ndege ya shirika la taifa la Pakistan kuanguka Karachi, waziri wa usafiri wa anga wa nchi hiyo alitangaza kwamba leseni za marubani 262 zilitiliwa shaka. Tatizo kubwa huko lilikuwa mitihani, na baadhi ya tarehe za mitihani ziligongana na siku ambazo wahusika walikuwa angani. Ulaya ikalifungia shirika hilo ndani ya wiki chache. Waliokuwa na leseni safi nao walikaa chini pamoja na wengine.

Saa ya karatasi haimfundishi mtu chochote, na hata saa za kweli hazilingani. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali hewa ni nyepesi, na Cessna inayoruka kwa wepesi Florida hula njia ndefu zaidi kabla ya kupaa na hupanda kwa kujivuta. Rubani aliyepata saa zake zote kwenye tambarare za pwani ya Marekani, kwenye njia ndefu za lami, hajawahi kuliona hilo, wala hajatua kwenye kiwanja cha vumbi cha Serengeti akiwa na pundamilia pembeni. Logibuku yake imekamilika na bado anahitaji mwalimu wa nyumbani. Mamlaka zikimtaka afanye jaribio la kuruka na mtihani wa sheria za anga za nchi kabla ya kumpa leseni, zinafanya kazi yake, na kijana asiyaone kama manyanyaso.

Kwa wanaosoma ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki njia ni nyepesi kidogo. CASSOA, wakala wa jumuiya wa usalama wa anga wenye makao yake Entebbe, umekuwa ukisogeza kanuni za nchi wanachama zifanane, na chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971, kiliwekwa tangu mwanzo kwa ajili ya kanda nzima. Bado logibuku inakaguliwa.

Kwa aliye mbali, kazi kubwa ifanyike kabla ya kuaga. Aombe nakala ya faili lake lote la mafunzo yenye muhuri, na barua ya mwalimu mkuu inayotaja jumla kwa kila safu pamoja na alama za ndege alizotumia. Apige picha kila ukurasa wa logibuku na kuzituma nyumbani, kwa mtu anayemwamini, zikae mahali ambapo begi likipotea uwanjani hazitapotea nalo. Shule za Marekani zenye mtaala ulioidhinishwa zinawajibika kumpa mwanafunzi nakala ya rekodi zake akiiomba, lakini zinalazimika kuzitunza kwa mwaka mmoja tu baada ya yeye kumaliza au kuondoka. Shule hufungwa, huuzwa, hubadilisha majina.

Saini za walimu ndizo zisizongoja kabisa. Huko Marekani mafunzo yoyote yanatakiwa yawe na saini ya mwalimu pamoja na namba ya cheti chake, na walimu wengi ni vijana wanaokusanya saa zao wenyewe. Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, Marekani ilipandisha kiwango, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500. Kufundisha ndiyo njia yao ya kuzifikia. Siku zinapotimia, wanaondoka wiki hiyohiyo kwenda kwenye mashirika, na namba ya simu ya shule haiwafikii tena. Mwanafunzi aliyeacha mistari saba bila saini kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na wote walikimbilia hangani, atamtafuta mwalimu wake kupitia watu wa watu, kutoka Dar, usiku wa manane, ili Marekani iwe mchana.